Ufukwe wetu unaliwa: tujenge ukuta, tupange mawe au turudi nyuma?

Katibu wa Kamati

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu wanaoijua bahari, ujenzi na sheria, kwa kuwa kamati ya wakazi wa mtaa wetu inakutana Jumamosi ijayo na wajumbe wengi wameshakata shauri kabla ya kusikia hoja.

Tupo pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, upande wa Bahari Beach, wenye viwanja kumi na kimoja vinavyopakana na bahari. Katikati kuna njia ya umma ya kushukia ufukweni, na upande wa kusini kuna diko dogo, yaani mahali wavuvi wanapopandishia ngalawa. Nilipohamia mwaka 2016, kutoka kwenye baraza yangu ya nyuma hadi mahali mchanga unapokatika ilikuwa hatua arobaini na mbili. Wiki iliyopita, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilihesabu kumi na tisa. Mivinje mitatu imelala kifudifudi na mizizi yake iko juu, na karo la choo la jirani yangu limefukuliwa ubavuni kiasi kwamba safu mbili za matofali zinaonekana ukiwa umesimama ufukweni.

Jirani huyohuyo alijenga ukuta wake mwenyewe mwaka 2021. Fundi alimhakikishia kwamba utadumu maisha, na misimu miwili ya kusi ikautosha. Jambo lililotushangaza sote ni kwamba ukuta ule uliangukia baharini. Tulitarajia mawimbi yangeusukuma uje ndani.

Yapo mapendekezo matatu mezani. La kwanza, ambalo lina wafuasi wengi, ni ukuta mmoja wa zege unaopita mbele ya viwanja vyote, kila mwenye kiwanja akichangia kwa urefu wa upande wake wa bahari. La pili ni kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, kama zile zilizopo mbele ya hoteli za upande wa Kunduchi na Mbezi Beach, ambazo wahandisi huziita groini. La tatu ni kupanda mikoko na kumwaga mchanga. Mama mmoja mjane, mwenye kiwanja cha mwisho upande wa kaskazini, alisema tuhamishe nyuma vinavyohamishika na tuiachie bahari nafasi yake, lakini wajumbe walicheka na hoja yake haikuandikwa hata kwenye muhtasari. Nakiri kwamba mwandishi wa muhtasari ule ni mimi.

Swali langu ni hili: kwa watu wa kipato cha kawaida, ambao hawana mfuko wa serikali nyuma yao, ni lipi kati ya haya lina mantiki, na lipi litakula fedha zetu bure?

Mhandisi Mstaafu

Katibu, salaam. Nimefanya kazi za ujenzi wa kandokando ya maji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba nianze na swali ambalo kamati yenu haijaliuliza, nalo ni wapi ulikokwenda mchanga unaokosekana. Ufukwe una mapato na matumizi kama duka. Mchanga huingia kutoka mitoni na kutoka kwenye matumbawe yanayosagika, kisha hutembezwa na mawimbi kandokando ya pwani. Upepo wa kusi huusukuma kuelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi huurudisha kusini, lakini kwa kuwa kusi huvuma miezi mingi zaidi na kwa nguvu zaidi, hesabu ya mwaka kwa sehemu kubwa ya pwani yetu huelemea kaskazini. Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu kisiwa cha Mbudya na miamba iliyo jirani nacho huyapinda mawimbi, na kipande kimoja cha ufukwe kinaweza kuwa na tabia tofauti na kipande kilicho umbali wa nusu kilomita.

Sasa tazama upande wa mapato. Mchanga wa Mto Tegeta, ambao ulipaswa kushuka hadi hori la Kunduchi na kugawanywa pwani, unapakiwa kwenye malori tangu huko juu ili ukafyatuliwe matofali, na Mto Mbezi una hali hiyohiyo. Miamba ya matumbawe iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi ilipigwa baruti kwa miongo kadhaa, na mengine yalichimbwa kwa ajili ya kuchoma chokaa. Kina cha bahari nacho kimepanda, kwa wastani wa dunia kiasi cha sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na hilo si dogo kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo, lakini mimi sikubaliani na tabia ya kuitupia tabianchi lawama yote wakati tipa zinapishana mtoni mchana kweupe. Nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wajumbe wako: ukuta wa zege wa viwanja kumi na kimoja utahitaji mchanga mwingi, na kuna uwezekano mkubwa mtaununua kutoka mito hiyohiyo.

Kuhusu ukuta wa jirani yako, kuangukia baharini ni jambo la kawaida kabisa. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halina pa kwenda isipokuwa kurudi, na linaporudi huchimba mchanga ulio chini ya mguu wa ukuta. Wakati huohuo maji ya mvua na ya bahari yaliyoingia nyuma ya ukuta yanatafuta pa kutokea. Kama hakuna matundu ya kuyatolea, udongo uliolowa huusukuma ukuta kwa nyuma, na siku mguu unapobaki hewani ukuta hulala kuelekea baharini. Nina hakika mkichimba kwenye mabaki yake mtakuta msingi usiozidi mita moja na hamtaona tundu hata moja.

Ukuta unaweza kujengwa vizuri. Ule wa Barabara ya Barack Obama, uliokamilika mwaka 2018 kupitia mradi uliofadhiliwa na Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, unalinda barabara kuu ya mjini, nayo haihamishiki. Huko nisingepinga. Lakini fahamu kwamba ukuta hulinda kilicho nyuma yake, haulindi ufukwe. Mkijenga, baada ya misimu michache mtakuwa na nyumba salama na hamtakuwa na mchanga wa kutembea maji yakijaa. Isitoshe, mawimbi huzidi kuchimba kwenye ncha mbili za ukuta, kwa hiyo kiwanja kinachofuata ndicho kitakacholipia usalama wenu.

Groini zina kasoro ya aina nyingine. Hukusanya mchanga upande unaotoka na kuunyima upande unaokwenda. Nenda Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, usimame juu ya mojawapo ya kuta zile za mawe, uangalie kushoto na kulia: upande mmoja mchanga uko juu, upande wa pili umeshuka. Kwa mwenye hoteli aliyeko upande unaojaa ni neema tupu. Lagos waliliona jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi, kwani kuta zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kukinga lango la bandari zilizuia mchanga uliokuwa ukisafiri kuelekea mashariki, na ufukwe wa Bar Beach ukaliwa kwa miongo mingi.

Mikoko nitaipitia haraka. Ni miti mizuri mahali pake, nayo mahali pake ni kwenye tope na maji yaliyotulia. Mchu na mlilana vinastawi ndani ya hori la Kunduchi kwa sababu hakuna wimbi. Mkiichomeka kwenye mchanga ulio wazi mtapiga picha nzuri siku ya kupanda, na bamvua la kwanza, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, litaondoka na miche yote. Kwenye ufukwe wenu kinachofaa ni mlakasa na majani yanayotambaa juu ya mstari wa maji makuu, ambayo hushika mchanga unaopeperushwa na upepo. Na mvinje, pamoja na uzuri wa kivuli chake, haushiki mchanga kama watu wanavyodhani, kama mlivyojionea wenyewe.

Kumwaga mchanga ndiyo njia inayoutibu ugonjwa wenyewe, ila ina gharama isiyokoma. Mwaka 2011 Uholanzi walimwaga takriban mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja ili mawimbi yausambaze taratibu, tena wao wana meli za kufyonza mchanga kutoka sakafu ya bahari. Ninyi mtakuwa na Fuso. Na mkileta mchanga laini kuliko ule uliopo, msimu mmoja wa kusi utaumaliza.

Kama ningekuwa kwenye kamati yenu, ningeanza na hoja ya yule mama mliyemcheka. Hamisheni makaro, visima, vibanda na uzio. Kama kuna nyumba ambayo kweli haiwezi kuokolewa kwa namna nyingine, wekeni mteremko wa mawe makubwa badala ya ukuta wima, chini yake kitambaa cha kuchujia kinachozuia mchanga usivutwe, mguu wake ukizikwa chini sana ya usawa wa ufukwe wa sasa, na ncha zake zikilazwa taratibu zisimkate jirani. Mawe yawe magumu kama ya Lugoba. Yale ya matumbawe ya machimbo ya Kunduchi ni mepesi na hulika haraka. Makapu ya waya yaliyojazwa mawe msiyaguse, maana chumvi hula waya, halafu mawe hutawanyika na mtakuwa mmelipia takataka.

Mvuvi wa Kunduchi

Shikamoo Mzee Mhandisi, na wewe Katibu habari za huko. Mimi ni mjumbe wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na nimezaliwa hukuhuku pwani, kwa hiyo nitasema ninachokiona.

Watu wengi wanaoshuka daladala kituo cha Africana hawajui kwamba jina lile ni la hoteli iliyokuwa ufukweni na kwamba bahari ndiyo iliyoifukuza. Wazee wetu walionyesha kwa kidole mahali ilipokuwa, na pia walituonyesha lilipokuwa soko la samaki la zamani la Kunduchi, ambalo nalo bahari ililifuata. Haya yalitokea kabla ya wengi wenu kununua viwanja. Ukienda mbali zaidi, nje ya Pangani, kuna Maziwe, kilichokuwa kisiwa chenye miti ambako kasa walikuwa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga tu, na maji yakijaa hulioni.

Ninachomwomba Katibu ni kwamba kamati isilisahau diko. Ngalawa hupandishwa nchi kavu kwa magogo kila bahari inapochafuka, na ili ipande inahitaji mteremko wa mchanga. Ukuta wa zege ukipita mbele ya diko, au hata ukiishia hatua ishirini kabla yake, tutapoteza pa kupandishia vyombo, na msimu wa kusi ndio tutakaoumia. Groini nazo, kama zitajengwa bila kutushirikisha, zitachana nyavu za wanaokokota na zitawavunjia vyombo wanaoingia usiku.

Jambo la pili ni la vipimo. Ninyi wa nyumbani mnahesabu hatua siku mnayoshtuka, na siku hiyo siku zote ni ya bamvua. Sisi tunajua mchanga huenda na kurudi. Kuna miezi ya kaskazi ambapo diko letu hupanuka hadi tunaanika dagaa mahali ambapo Julai palikuwa na maji ya kiunoni. Mtu akipima Julai atalia, akipima Februari atajenga baa. Mpime mwaka mzima ndipo mseme mmepoteza kiasi gani, maana katika hizo hatua ishirini na tatu nadhani zipo ambazo zitarudi zenyewe.

La tatu, kuhusu malori ya mchanga, mengine hupita usiku, na dereva ukimuuliza anasema ana kibali cha kusafisha mto. Kusafisha mto si kuuchimba hadi nguzo za daraja zikabaki wazi. Kama wenye nyumba za baharini, ambao sauti zao zinasikika kuliko zetu, wangekwenda kwa mtendaji wa kata kulalamikia mchanga wa mto kwa bidii ileile wanayolalamikia kelele za muziki, huenda tungefika mahali.

Jirani wa Kaskazini

Naishi upande wa Ununio, yaani kule ambako mchanga wenu ungefika. Naomba niseme bila kuzunguka. Kila mara ninaposoma mijadala ya aina hii, watu wanazungumzia "ufukwe wetu" kana kwamba pwani inaishia kwenye uzio wa mwisho wa kamati yao. Mtaa mmoja wa kusini kwetu ulirundika viroba vya mchanga na matairi ya malori miaka mitatu iliyopita bila kumwambia mtu. Viroba vilipasuka kwa jua, vipande vya plastiki vikatufikia sisi, na ukingo wetu ukaliwa zaidi mwaka ule kuliko wakati wowote tangu nihamie. Siwezi kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba viroba ndivyo vilivyosababisha, lakini mkija na groini tatu bila kutuita kikaoni, nitakuwa wa kwanza kupeleka malalamiko. Mkituita, nitachangia hata gharama za mpimaji.

Afisa Mipango (maoni binafsi)

Nitaongezea upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu sijaona ukiguswa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita sitini kutoka baharini, ziwani au kingo za mito. Sheria hiyohiyo inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi inayoweza kuathiri mazingira, na kazi ya kuikinga pwani kwa ukuta au groini imo humo bila ubishi. Mlango wa kuanzia ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) pamoja na ofisi ya mazingira ya manispaa. Hati ya kiwanja haikupi ruhusa ya kujenga mbele yake.

Kwa hiyo wazo la kila mtu kujenga kipande chake kwa urefu wa upande wake wa bahari ndilo lenye hatari kuliko yote. Linazalisha kuta kumi na moja zenye misingi tofauti, na ikitokea mmoja hana fedha, pengo lake litakuwa mlango wa bahari kuingia nyuma ya kuta za wenzake. Vilevile linafanya kila mmoja wenu ashtakiwe peke yake. Mkiomba kama kamati, kwa mtaa mzima na kwa mitaa jirani, tathmini inakuwa moja na gharama ya mtaalamu inagawanyika. Njia ya umma na diko lazima vionyeshwe kwenye mchoro tangu mwanzo, la sivyo maombi yatarudishwa au, kibaya zaidi, yatapita na kuleta ugomvi baadaye.

Ningeshauri pia muwe waangalifu na neno "dharura". Watu hulitumia ili wakwepe tathmini, lakini dharura yenu ni karo moja lililo wazi, nalo lina dawa ya siku chache ambayo haihitaji ukuta.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee Mhandisi, ambaye leo asubuhi nimekwenda na koleo kuhakiki neno lake. Msingi wa ukuta ulioanguka una kina cha sentimita themanini, na tundu la kutolea maji sikuliona hata moja. Mwenye ukuta alikuwa amesimama pembeni yangu muda wote na hakusema kitu.

Ndugu Mvuvi, umenishika pabaya. Nimerudi kwenye daftari langu nikakuta kipimo cha mwaka 2016 nilikichukua mwezi Januari, na hiki cha sasa nimekichukua Agosti wakati wa bamvua. Siamini kwamba tofauti yote ni ya msimu, kwa sababu mivinje ile ilikuwa na umri mkubwa na isingesimama muda wote huo kama maji yangekuwa yanafika hapo kila mwaka, lakini nimeacha kuitaja namba ya ishirini na tatu kama hasara. Tutafunga vigingi vitatu vya chuma kwenye mstari wa uzio, kimoja kusini, kimoja kwenye njia ya umma na kimoja kaskazini, na kila mwezi mchanga na mwezi mpevu tutapima kutoka kwenye kigingi hadi ukingoni, pamoja na kupiga picha mahali palepale. Kijana mmoja wa diko amekubali kuwa shahidi wa vipimo ili wenye viwanja tusijipendelee.

Kwa Jirani wa Kaskazini: kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa, na nimemwomba mwenyekiti awaandikie ninyi na watu wa diko barua rasmi za mwaliko. Ajenda niliyoipendekeza imebadilika. Ukuta wa pamoja na groini vimesogezwa hadi tupate vipimo vya mwaka mmoja na ushauri wa mtaalamu, mikoko imeondolewa, na suala la malori ya mchanga wa Mto Tegeta limeingizwa kama hoja ya pili. Sitarajii kikao chepesi. Wajumbe wawili wameshanipigia simu kuniambia kwamba nimewasaliti, na mmoja amesema ataleta tingatinga lake mwenyewe. Mzee Mhandisi, kama afya inaruhusu, ningefurahi ukija, maana nadhani watakusikiliza wewe kuliko mimi.

Jana jioni nilikwenda pia kwa yule mama mjane kumwomba radhi kwa kutoandika hoja yake, na nikamwambia itakuwa ya kwanza kwenye ajenda. Alinikaribisha chai, akanionyesha upande wa barabarani wa kiwanja chake, ambako fundi alikuwa ameshapiga kamba na kumwaga chokaa kuonyesha mahali karo jipya litakapochimbwa. Alisema hakuwa na nafasi ya kusubiri kikao. Jirani mwenye karo lililofukuliwa amechukua namba ya fundi huyo.